Pengo Halina Leseni

Ukuta wa kliniki yangu hapa Kaplong una vyeti vingi kuliko picha za wajukuu sebuleni kwa mama yangu. Kuna cha baraza la taaluma yetu, kinachosema kwamba mwaka huu mimi ni daktari wa meno. Mwaka ujao itabidi niombe upya, nisije nikasahau jino ni nini Desemba ikiisha. Kuna cha kaunti cha biashara. Kuna cha watu wa mionzi, kwa sababu ya mashine ya eksirei. Kuna cha takataka, na kuna cha zimamoto, ingawa gari la zimamoto mara ya mwisho kuliona lilikuwa linavutwa na trekta la majani chai. Kuna hata cha muziki, maana redio ya mapokezi hucheza nyimbo za Kikipsigis, na mgonjwa anaweza kuzifurahia bila kibali. Katikati ya vyeti hivyo vyote kuna msumari mtupu. Mgonjwa akilala kitini mdomo wazi, macho yake huishia kwenye ule msumari. Akishatema mate huniuliza, "Daktari, hapo kulikuwa na nini?"

Hapo palikuwa na cheti cha bima.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na sheria. Mtu asiyesomea asikuguse jino. Nimeona kazi za wale jamaa wa siku ya soko kule Chebunyo, wanaong'oa kwa koleo nyuma ya zizi la mnada, huku ng'ombe wakishangaa. Nimeshona fizi walizozirarua mpaka vidole vikakakamaa. Lakini hao hawakaguliwi hata siku moja, kwa sababu hawana ukuta wa kutundikia vyeti. Anayekaguliwa ni mimi.

Ili leseni itoke, lazima mtu akusanye pointi za masomo. Pointi hizo hupatikana hotelini. Unakaa kwenye ukumbi wenye mapazia mazito, mtu aliyevaa tai anakufundisha uongozi, unapewa samosa mbili, unaweka sahihi, unarudi nyumbani ukiwa daktari bora. Mwaka mmoja nilisinzia mhadhara mzima juu ya maadili na nikapewa pointi sawa na waliokuwa macho. Nilipouliza somo la kung'oa jino la mwisho lililolala litafundishwa lini, niliambiwa hilo halina mfadhili. Haya.

Kisha mageuzi ya bima yakatufikia. Mambo yote yakaingia kwenye kompyuta, na wastaafu wa mashamba ya chai wa upande wetu wakakabidhiwa kampuni moja ambayo sitaitaja, maana nina mdomo lakini sina wakili. Walikuja na mahema, na fulana, na mwimbaji. Wakatuambia karatasi zimekwisha. Kweli zilikwisha. Sasa ukitaka kuziba jino unaomba idhini kwa mfumo, mfumo unafikiri, mtandao unalala, mgonjwa anarudi Soin na maumivu yake, na akirudi wiki ijayo mfumo unauliza kama bado linauma. Lakini ukiomba kung'oa! Idhini inafika kabla hujatoa kidole kwenye kitufe. Kwa mfumo ule, jino lililotoka ni jino lisilo na gharama za baadaye.

Ndipo alipokuja mgonjwa wangu mmoja, mzee.

Alikuwa amechuma chai maisha yake yote upande wa Kericho, akastaafu, akarudi Chebunyo kwa ng'ombe wake. Siku ya kwanza alifika mapema, akaegemea dirisha la mapokezi, akasema, "Nimekuja na pima." Dada wa mapokezi ni mtu wa kule Nyeri, wazazi wake walikuja huku kufungua duka la nguo, na sikio lake halijazoea b ya Kikipsigis kugeuka p. Akamjibu kwa adabu, "Sawa mzee, utapimwa, kaa pale." Mzee akakaa. Kila baada ya muda alinyanyuka na kukumbusha, "Mimi niko na pima." Naye anajibiwa, "Ndiyo mzee, utapimwa." Saa sita mchana nilitoka nje kunyoosha mgongo, nikasikia hayo mazungumzo, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Baadaye niliona kwamba wote wawili walikuwa sawa. Ile bima ilikuwa kazi ya kupima tu.

Mashine ya alama za vidole ilimkataa, kama inavyowakataa wachumaji wote. Vidole vya watu hao vimelainika kwa majani, huoni mstari. Akajaribu kimoja kimoja, akaniangalia. "Taktari, inasema mimi si mtu?" Nikamwambia inasema hivyo kwa kila mtu aliyefanya kazi. Kwa bahati kidole kidogo cha kushoto kilikubaliwa, na mzee akakitazama kidole hicho kwa heshima mpya.

Shida yake ilikuwa rahisi. Meno ya chini yalikuwa yamekwisha yote. Mjukuu wake alikuwa ameposwa, na siku ya koito ilikuwa inakaribia, siku ambayo upande wa mume huja nyumbani kwa binti kukubaliana mambo ya ng'ombe na ndoa. Babake binti alifariki, kwa hiyo mwenye kusema kwa niaba ya nyumba alikuwa yeye. Na maneno yalikuwa yanamtoka yakiwa na upepo. "Nitaongea mbele ya watu," aliniambia, "na watu hawatajua kama nimesema ng'ombe ama nimepiga chafya." Alitaka meno. Idhini ya meno bandia ilichukua muda, lakini ilikuja.

Nilipokuwa nachukua kipimo cha ufizi, akanishika mkono. "Taktari, hapa mbele, hizi mbili za katikati, usiweke."

Sikumuuliza kwa nini. Mimi nimezaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai. Baba yangu alitoka ziwani kuja kufanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kukaushia chai, na bibi yangu, mama yake, alimfuata. Laini zile zilikuwa na watu wa kila pembe, na sisi watoto tulijua bibi ya nani ametoka wapi kwa kumsubiri acheke. Akiwa hana meno sita ya chini, ni wa kwetu ziwani. Akiwa hana mawili, ni wa hapa hapa. Walitolewa utotoni kwa makusudi, wakijua wanachofanyiwa, na waliokaa bila kulia walihesabiwa watu. Desturi ilikwisha na watu wa umri wao, na mimi siililii. Singetaka mtoto yeyote atolewe meno mazima. Lakini mzee aliyekwisha kutolewa, pengo lake ni lake.

Basi nikamwagiza fundi wa maabara atengeneze meno ya chini yenye pengo. Fundi alipiga simu mara mbili kuuliza kama nimelewa. Yalipofika, mzee aliyavaa, akaomba kioo, akapitisha ulimi pale katikati, akatabasamu kama mtu aliyekuta ufunguo aliodhani umepotea. Alisema "ng'ombe" mara kadhaa, kila mara bila upepo. Nikampiga picha, kwa sababu kanuni ya bima inadai picha, nikaituma.

Kompyuta ikahesabu meno.

Mkaguzi alitoka Nairobi. Kijana mpole, viatu vyeupe, kishikwambi mkononi. Viatu alivivua mlangoni, kwa sababu mvua yetu ya alasiri ilikuwa imeshavifundisha rangi ya udongo wa huku. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, "Daktari, faili yako imewaka nyekundu. Uliidhinishiwa meno ya chini yote. Kwenye picha yanakosekana mawili. Tunataka kujua yako wapi."

"Yako wapi kivipi?"

"Meno mawili, daktari. Yameenda wapi?"

Jameni. Nilisoma miaka mingi, nikaapishwa, nikalipiwa karo kwa jasho la kiwandani, ndipo nishukiwe wizi wa meno mawili ya plastiki. Nilimwita mzee aje, nikidhani akijieleza mambo yataisha. Alikuja na mkewe, kogo mmoja, bibi kizee mcheshi sana, na wakakaa mbele ya kijana yule asiye na viatu.

"Mzee, haya meno mawili ya mbele yalipotea lini?"

"Haikupotea. Ilitolewa."

"Na nani?"

"Mzee moja wa kwetu. Alikufa zamani."

"Alikuwa na leseni?"

Mzee akafikiri. "Alikuwa na chuma."

"Alikudunga ganzi?"

"Hakuna kanzi. Nilikaa tu."

Kijana aliandika yote. Aliandika kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji na mtu asiyesajiliwa, bila ganzi, bila ridhaa ya maandishi, na kwamba mimi nilijua na sikuripoti. Nilimuuliza niripoti wapi, makaburini? Akasema pole, yeye ni mjumbe tu. Kisha akamwomba mzee, kwa adabu zote, ayavue meno. Yalikuwa kielelezo. Akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akavaa viatu vyake, akaondoka na mdomo wa mzee kwenye begi.

Koito ilikuwa imebaki wiki mbili. Nilijitolea kumtengenezea mengine mimi mwenyewe, lakini mfumo wa bima ulisema kesi ikiwa wazi nisimguse mgonjwa huyo, na nikimgusa nahesabiwa nimeharibu ushahidi. Ushahidi ni ufizi wake! Mzee alipita kliniki siku ya soko, mdomo umeingia ndani. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Meno walichukua ni sawa, taktari. Lakini walienda na pengo yangu."

Nikacheka. Halafu nikamwangalia nikaacha. Alisema kweli. Pengo linahitaji jino huku na jino huku, ndipo lionekane. Mdomo usio na kitu hauna pengo. Walimwacha mtupu kama mzee yeyote aliyeozewa meno.

Kamati ya bima iliniita Kericho mjini, kwenye hoteli. Katikati ya mashamba ya chai, ambapo kijani kinaanza mlangoni na kuisha mbinguni, tuliletewa maji ya moto na kamfuko ka chai kenye uzi. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno mstaafu, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Alikuwa ameweka meno ya mzee mezani mbele yake, kando ya bakuli la sukari.

"Daktari," akaanza, "binadamu ana meno manne ya mbele chini. Wewe umemtengenezea mawili. Kwa nini?"

"Mgonjwa aliomba."

"Mgonjwa akiomba pembe, utamwekea?"

Wenzake wakacheka. Nikaeleza desturi, pole pole, kama ninavyomweleza mtoto kuhusu mswaki. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwamba anaelewa, naye ni mtu wa nchi hii, lakini kiwango ni kiwango. Mfumo hauna nafasi ya kuandika desturi. Una nafasi ya kuandika jino limeoza, limevunjika, au halikuwahi kuota. Akanishauri, kwa wema kabisa, niandike kwamba mzee alizaliwa bila meno hayo.

"Wazee wote wa Bomet walizaliwa hivyo?" nikauliza. "Bibi yangu mwenyewe alitolewa sita."

Katibu akainua kalamu. "Na yeye alitibiwa kwenye kliniki yako?"

Mwishowe walinihurumia, walisema. Mkataba wangu hautavunjwa. Meno yatapelekwa kwa fundi wao aliyeidhinishwa, kasoro itarekebishwa, na mimi nitayakabidhi kwa mgonjwa na kutuma picha ya mdomo uliokamilika. Picha ikija na pengo tena, cheti cha bima kirudi kwao. Nilisema asante. Nilijua maana ya cheti kile. Wastaafu wa chai wa kutoka hapa mpaka Chebunyo hawakuwa na daktari mwingine wa meno wa bima wa karibu. Niliendesha gari kwenye mvua nikijiambia ni meno mawili tu, ni plastiki, acha kiburi.

Yalifika Ijumaa. Koito ilikuwa Jumamosi.

Mzee na kogo walikuja alasiri, mvua ikipiga mabati tusisikilizane vizuri. Nilimvalisha. Fundi aliyeidhinishwa alikuwa amefanya kazi safi, safu nzima nyeupe bila mwanya. Kogo alimtazama mumewe, akajifunika mdomo kwa leso, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyu kijana ametoka wapi? Mimi niliolewa na mtu mzima!"

Mzee hakucheka. Aliweka kioo magotini. "Kesho upande ile ingine kuna wazee wa rika yangu," alisema. "Wataniangalia hapa. Hawatasema ni pima. Watasema nilikimbia." Akanieleza kwamba kwao kuna mmoja aliyekimbia siku ile, akajificha kwenye mahindi. Alizeeka, akapata mali, akazika wake zake, na mpaka anakufa watu walimjua kwa hayo mahindi.

Kogo alikuwa na akili ya haraka. "Taktari, piga picha kwanza. Tuma. Halafu utoe."

Nakiri kwamba wazo hilo lilinifurahisha. Nilikuwa tayari nimeshanyanyua kamera. Mzee akaweka mkono mbele ya uso wake.

"Hapana. Hiyo picha itakaa. Mimi nitakufa, na hiyo itasema ndiyo mimi."

Nikaishusha kamera. Niliwafikiria wagonjwa wote walioandikwa kwa wiki iliyofuata, na barabara ya kwenda Kericho na jino linalouma. Hata leo, mgonjwa wa bima akija na shavu limevimba nikamrudisha, namkasirikia mzee kidogo, na kampuni sana, na mimi mwenyewe siku nyingine. Sitasema nilipata ujasiri. Nilichoka tu kuambiwa kwamba mdomo wa mtu una kasoro na watu wasiojua huo mdomo ulisimama wapi.

Nikamwambia nipe. Akavua meno, akanipa, nikayabana kwenye meza yangu na kuwasha mashine ya kukatia. Nilimwambia aende akasubiri nje na kogo, ni dakika chache. Hakwenda. Alipanda kwenye kiti cha wagonjwa bila kualikwa, akakaa wima, mikono juu ya magoti, akakaza shingo. Kogo aliacha kucheka. Akazunguka nyuma ya kiti, akakishika kichwa cha mumewe kwa mikono yote miwili, kwa nguvu.

Nikakata la kwanza. Mashine ile ina sauti ya kukera hata kwangu. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Meno yalikuwa mikononi mwangu, mbali naye kabisa, lakini alikuwa ametoa macho kwenye ukuta, kwenye cheti cha bima, na hakupepesa. Nikakata la pili. Nikalainisha kingo, nikaosha, nikamvalisha. Ulimi wake ukaenda pale katikati ukatulia.

Kogo akaachia kichwa. Mvua ilikuwa imepungua, na mzee aliniuliza kwa sauti ndogo, bila upepo hata kidogo, "Nimelia?"

"Hujalia, baba," nikamjibu. Na nilipoinua kamera, akafungua mdomo mwenyewe, kabla sijamwambia.